Tairi za Lami Kavu

Nimeendesha magari ya watu miaka kumi na miwili, na nasema bila kuogopa: gari la riyali laki tatu na la laki nne na nusu yote yanasimama kwenye taa nyekundu ileile. Lakini nani angemwambia Jasim?

Jasim alikuwa mtoto wa bosi wangu kule Doha, nyumba ya mtaa wa Abu Hamour. Alikuwa na gari la spoti la kawaida, zuri tu. Mwaka 2015 akalibadilisha, akachukua lilelile lakini la toleo la mashindano, laki na nusu zaidi. Nikalizunguka. Viti vya nyuma wameng'oa. Mazulia hakuna. Redio hakuna. Eti liwe jepesi. Haki ya nani, unalipa zaidi upewe kidogo! Nikacheka, nikamwuliza, "Sasa hiyo laki na nusu imeenda wapi?"

Hakucheka. "Ndirangu, nimekuomba ushauri? Ukitaka kuongea, utaongea kwenu."

Kwenu maana yake tiketi ya kurudi. Kuanzia hapo nikafunga domo. Akisema chochote, jibu langu lilikuwa moja: mafi mushkila, hakuna shida. Sisi wote kule tunaishi kwa maneno hayo mawili, unayasema hata kabla swali halijaisha.

Pesa nyingine ilikuwa imeenda kwenye tairi. Nilijua siku nilipolipeleka kwa Yusufu, fundi wa tairi kutoka Tanga, aongeze upepo. Akapitisha kidole kwenye mpira. Mistari miwili mitatu, basi. Kwetu trafiki angekushika na kipara kama kile.

"Hizi ni za lami kavu," akasema. "Mvua ikinyesha, kaka, lifunikeni turubai mpande teksi. Mwambie mwenyewe."

Nikasema nitamwambia. Sikumwambia. Mvua Doha? Na domo nilikuwa nimeshafunga.

Katika nyumba ile alikuwepo Winfred, yaya, Mkamba wa mji wa Wote, mwanamke wa maneno. Nilimpenda, sina haja ya kuzungukazunguka. Alikuwa anarudi nyumbani baada ya miaka minne, na Desemba ningemfuata nikajitambulishe kwao.

Siku ya safari yake, saa nane mchana, mvua ikamwagika. Majirani wakatoka nje kuipiga picha. Maji yakajaa barabarani, hakuna mitaro ya kuyapokea. Nilikuwa nimeshapakia sanduku lake kwenye Land Cruiser nimpeleke uwanja wa ndege, simu ilipolia: mama wa nyumba amekwama kule Pearl, niende sasa hivi.

"Winfred nitampeleka mimi," Jasim akasema. Alisema kwa roho safi, lazima nikiri, maana yule ndiye aliyewalea wadogo zake. Akayatazama maji, akanigeukia. "Ndirangu. Tairi zangu, na mvua hii, sawa?"

Aliniuliza! Mara ya kwanza kuniuliza kitu. Na mdomo ukawahi akili.

"Mafi mushkila."

Sanduku likagoma kuingia. Winfred akashika kiuno. "Ngai! Gari la bei yote hiyo, na halibebi sanduku? Basi utaniletea Desemba, mzee. Na usilifungue, nakujua."

Akapanda, akajifunga mkanda, akanipungia. Nilisimama pale nimelowa. Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kujilaza mbele ya lile gari. Nikajiambia, ataenda polepole.

Sikuwa nimefika Pearl simu ilipolia tena. Gari lilielea kwenye dimbwi, likazunguka, likapiga nguzo upande wa abiria. Jasim alivunjika mkono. Winfred hakufika hospitali akiwa hai.

Desemba nilienda Wote, kama tulivyopanga. Nililibeba sanduku, halijafunguliwa. Mama yake akanipa kiti, akanipa chai, akalipapasa lile sanduku muda mrefu bila kulia. Kisha akaniuliza.

"Mwanangu, hilo gari lilikuwa bovu?"

"Hapana, mama. Lilikuwa la bei kuliko yote pale nyumbani."

"Na huyo kijana, hakujua kwamba halifai kwenye mvua?"

Chai ilikuwa imepoa mkononi. Nikaiweka chini.

"Hakujua, mama," nikasema. "Aliniuliza mimi."