Kanuni ya Stokingi

Mwanamke aliyesimamia kaunta ya hoteli ile alikuwa na miaka ishirini na tatu kazini, na kila mtu, kuanzia meneja hadi walinzi wa geti, alimwita Mama Mapokezi. Wanawe watatu walikuwa wamesoma na kumaliza kwa jasho la kaunta hiyo. Mgeni akirudi baada ya mwaka mzima, yeye alikumbuka kama anapenda chumba cha upande wa barabara au cha upande wa bustani. Na jambo moja alilijua kama anavyolijua jina lake: mwanamke wa mapokezi havai sketi ya kazi bila stokingi, zile soksi ndefu nyembamba za nailoni.

Basi Jumatatu moja akaja binti mpya, mchangamfu, mwenye mikono myepesi kwenye kompyuta. Akapita mlangoni, akazunguka kaunta, akasalimia. Mama Mapokezi akamtazama kuanzia kichwani, akashuka taratibu, na alipofika magotini macho yakamganda. Miguu ya binti ilikuwa wazi, imepakwa mafuta, inang'aa.

"Mwanangu, umesahau kitu."

Binti akajipapasa. Kitambaa cha shingoni kilikuwapo. Kibandiko cha jina kifuani kilikuwapo. "Nini tena, mama?"

"Stokingi."

Binti akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayedhani anataniwa. "Kwani bado zinavaliwa? Mimi nilidhani ni vitu vya maharusi na vya picha za zamani."

Mama Mapokezi akaivuta sketi yake chini ya magoti. Alijiona kama mtu aliyeambiwa hadharani kwamba nguo zake zimepitwa na wakati, na kweli ndivyo alivyoambiwa. Akajikaza, akaeleza kwa upole kwamba hiyo ni kanuni ya hoteli, tangu enzi na enzi, na kwamba kesho azivae. Binti akaitikia vizuri. Kesho yake akaja miguu wazi. Keshokutwa vilevile.

"Mama, usinielewe vibaya," binti alisema alipoulizwa. "Nimekisoma chote kitabu cha kanuni nilichopewa, ukurasa kwa ukurasa, nijue ni rangi gani inatakiwa. Sijaiona hiyo kanuni. Nionyeshe ilipo, leo hii naenda dukani."

Hakusema kwa ujeuri, na hilo ndilo lililomuudhi Mama Mapokezi zaidi. Angekuwa mjeuri, angejua la kumfanya. Akapanda ghorofa ya pili kwa afisa utumishi kudai binti aandikiwe barua ya onyo.

Afisa utumishi alikuwa kijana mpole mwenye miwani, mtu wa kupenda karatasi. Hakubisha. Akafungua kitabu cha kanuni, akatafuta sehemu ya sare, akapitisha kidole chini ya kila mstari. Sketi ya bluu chini ya magoti. Blauzi nyeupe. Viatu vyeusi vya kufunika vidole. Kitambaa cha shingoni. Basi.

"Hiki ni kipya," Mama Mapokezi alisema. "Wamekifupisha. Tazama cha zamani."

Kijana akainuka, akafungua kabati la chuma, akarudi na faili lililokuwa limeliwa pembe na mende. Ndani yake kulikuwa na kitabu cha kwanza kabisa, cha mwaka hoteli ilipofunguliwa, kimepigwa kwa mashine ya taipu. Wakakisoma pamoja, vichwa vimekaribiana. Sketi. Blauzi. Viatu. Nywele ziwe nadhifu. Kucha ziwe fupi.

"Stokingi hakuna, mama," kijana alisema. "Wala humu. Nani alikuambia?"

Mama Mapokezi aliinama zaidi. Akavuta kile kitabu mikononi mwa kijana, akakisoma mwenyewe, akarudia, akageuza hata karatasi ya nyuma isiyokuwa na maandishi. Kisha akakaa.

Miaka ishirini na tatu. Kila asubuhi amekaa ukingoni mwa kitanda akizikunja kwa vidole gumba, akizipandisha polepole zisitoboke. Kila jioni amezifua kwenye beseni na kuzianika nyuma ya mlango wa bafu, mpaka mumewe, fundi cherehani mwenye maneno, akazoea kusema kwamba nyumba yao ina wanawake wawili, mmoja ananing'inia. Zikichanika alizuia mpasuko kwa rangi ya kucha. Dukani ziliuzwa kwa jina la rangi ya mwili, na hakuwahi kukutana na mwili wenye rangi ile. Alipozivaa, miguu yake ilionekana kama ameiazima kwa mtu mwingine. Wakati wa joto upele ulimtoka mapajani hadi akaona haya kulala karibu na mumewe. Daktari alimwambia aache kuvaa nailoni. Yeye akajibu, "Daktari, kazini ni lazima." Alilisema neno hilo kwa fahari.

Lakini si hayo yaliyomkata maini pale kwenye kiti. Alikuwa amemkumbuka mwenzake.

Mwanamke huyo walikuwa wakikaa naye kaunta moja. Miaka saba iliyopita alipata mimba iliyomvimbisha miguu, ikajaa kama mikate iliyoumuka, na stokingi hazikupita tena hata magotini. Akaja kazini bila. Wakati huo Mama Mapokezi ndiye alikuwa ameshika ukuu wa kaunta, na alimwonya mara mbili. Mara ya tatu akampeleka kwa meneja. Meneja hakuuliza imeandikwa wapi. Alisema, "Kama ni kanuni, ni kanuni," na mwenzake akateremshwa chini, kwenye chumba cha kufulia. Alikuwa huko mpaka sasa. Walipokutana kwenye korido walisalimiana kama watu wanaopishana benki.

Mama Mapokezi akamrudishia kijana faili lake. Hakwenda kwenye kaunta. Alishuka ngazi hadi chini kabisa.

Chumba cha kufulia kilikuwa na mvuke na kelele za mashine. Mwenzake alikuwa akipiga pasi foronya, nyuma yake wasichana wawili wakikunja taulo. Alipomwona mgeni wake mlangoni aliweka pasi wima.

"Kuna shuka lina doa?"

"Hapana. Nimekuja kukuambia jambo." Mama Mapokezi alikuwa amepanga maneno kwenye ngazi, yote yakamkimbia. "Ile kanuni ya stokingi haipo. Haikuwahi kuwapo. Nimetoka kusoma sasa hivi, kitabu kipya na cha zamani."

Mwenzake akasogea karibu. "Rudia."

Akarudia.

Wasichana wa taulo waliacha kukunja. Mwenzake akachomoa waya wa pasi ukutani, polepole, kama mtu anayeogopa mkono wake mwenyewe. "Yule mtoto niliyekuwa nimembeba yuko darasa la kwanza," alisema. "Nilimzaa nikiwa nanuka sabuni ya mashuka. Kila siku nilijiambia, mwenzangu hana ubaya, sheria ndiyo yenye ubaya. Kumbe hata sheria haikuwapo. Nani alikuambia ipo?"

"Bi Kanuni."

"Basi nenda kamuulize Bi Kanuni. Mimi sina cha kukujibu sasa hivi, na ukiendelea kusimama hapo nitasema maneno ambayo hawa watoto hawapaswi kuyasikia."

Bi Kanuni alikuwa mkuu wa mapokezi kabla ya Mama Mapokezi, mwanamke mrefu, mnyoofu, ambaye aliweza kuona kifungo kilicholegea kutoka upande wa pili wa ukumbi. Ndiye aliyempokea Mama Mapokezi siku yake ya kwanza, akampa pakiti ya stokingi kwa mkono wake na kumwambia, "Hapa bila hizi hukai." Walifanya kazi pamoja miaka kumi na minne, kisha yeye akastaafu. Miaka tisa ilikuwa imepita, na wito wa "njoo unitembelee" ukawa wa kuitikiwa tu bila kwenda.

Jumamosi mchana Mama Mapokezi akamwendea. Mlango ulikuwa wazi. Akabisha, akakaribishwa kwa sauti aliyoikumbuka, akaingia sebuleni. Bi Kanuni alikuwa kwenye kiti cha kuegemea, amevaa gauni jepesi la nyumbani lililofika magotini. Mjukuu wake wa kike, wa miaka kama minne, alikuwa amekaa sakafuni akimpaka mafuta mguu.

"Shikamoo, bi mkubwa," Mama Mapokezi alianza, kisha akauona mguu.

Mguu wa kushoto wa Bi Kanuni, kuanzia goti hadi kwenye kifundo, ulikuwa kovu tupu. Ngozi ilivutana na kukunjamana, mahali pengine nyekundu, mahali pengine nyeupe, ikang'aa kama nailoni iliyoyeyuka na kugandia mfupani. Miaka kumi na minne walikuwa wamebadili nguo chumba kimoja, na hakuwahi kuuona. Sasa alikumbuka kwamba Bi Kanuni alikuja kazini kila siku akiwa ameshavaa stokingi, na kwamba zake zilikuwa nzito kuliko za wengine wote.

"Marahaba. Kaa, usiogope, haliumi tena." Bi Kanuni alimpapasa mjukuu kichwani. "Jiko la mafuta ya taa lilinilipukia nikiwa na miaka kumi na minne." Kisha macho yake yakashuka kwenye miguu ya mgeni, yakakaa hapo. "Hebu. Umevaa stokingi?"

"Nimevaa."

"Jumamosi? Na joto hili? Ina maana bado mnavaa?"

Mama Mapokezi akaitazama miguu yake mwenyewe. Alikuja kuuliza, na sasa yeye ndiye aliyeulizwa. "Kanuni ni yako, bi mkubwa," alisema mwishowe.

Bi Kanuni akamtuma mjukuu akachezee uani. Akajifunika magoti kwa upindo wa gauni, akaona haufiki, akauacha. Akasimulia bila kupamba. Meneja wa kwanza wa hoteli alimwajiri kwa sauti yake na mwandiko wake, lakini siku alipouona mguu alimwambia kwamba wageni hawalipi kuja kutazama kitu kama kile. Aufunike au akakae jikoni. Akaufunika. Wasichana wa kaunta wakaanza kunong'ona kwa nini yeye peke yake anavaa soksi nzito wakati wa joto.

"Nikawaza, wakivaa wote, hakuna atakayeniuliza mimi nimevaa kwa nini. Nikasema ni kanuni. Hakuna aliyebisha. Siku niliyostaafu nilizichoma zangu zote kwenye pipa la taka, nikajua na ninyi mtazitupa wiki ile ile. Nani angewalazimisha, na mimi sipo?"

"Mimi," Mama Mapokezi alisema.

Kisha akamwambia habari ya mwenzake, mimba, miguu iliyovimba, chumba cha kufulia. Alisema yote bila kujitetea. Bi Kanuni alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza uso ukamlegea, mpaka yule mwanamke mnyoofu akawa bibi kizee mbele ya macho ya mgeni wake. Alishika mdomo kwa viganja viwili. Uani mtoto aliendelea kugonga sufuria na kijiko.

"Hata mimi na mguu wangu huu," Bi Kanuni alisema hatimaye, "nisingemshusha mjamzito."

Neno lile lilimwingia Mama Mapokezi kama sindano, kwa sababu alijua ni kweli. Bi Kanuni alikuwa amesema uongo ili ajisitiri. Yeye hakuwa na cha kusitiri. Alitii tu, na kutii kwake kulikuwa kukali kuliko ule uongo wenyewe.

Jumatatu alifuta ombi la barua ya onyo. Kisha akaenda kwa meneja, akaeleza kosa lake mwenyewe kwa mdomo wake, akaomba mwenzake arudishwe kwenye kaunta. Meneja, ambaye hakuwapo enzi hizo, alishangaa kidogo, akakubali. Mama Mapokezi akashuka ngazi mbio mbio na habari hiyo na samahani yake.

Mwenzake alimsikiliza huku akihesabu taulo.

"Nimeisikia samahani yako," alisema. "Sijui kama nimeipokea. Kuna siku nitaipokea na kuna siku sitaipokea, univumilie. Lakini kaunta siitaki. Huku nina watu sita chini yangu, na natoka saa tisa, nampitia mwanangu shuleni. Huko juu nikafanye nini, kuchekea watu?"

"Basi niambie unataka nini."

Mwenzake akafikiri. "Iandikwe. Iliyosemwa kwa mdomo imetutosha. Iandikwe kwamba anayetaka avae na asiyetaka asivae, na ibandikwe pale kwenye ubao ambapo hata wa chini tunapita."

Afisa utumishi aliiandika siku hiyo hiyo, mistari miwili, kwa furaha ya mtu apendaye karatasi. Mama Mapokezi ndiye aliyeibandika kwa pini nne. Mwenzake alipanda akiwa bado na aproni, akasimama mbele ya ubao, akaisoma mara mbili midomo ikichezacheza. Kisha akatoa kalamu mfukoni, akasahihisha neno moja lililokosewa herufi, akarudi chini kwenye mashine zake.