Soseji za Baba Mkwe

Baba mkwe wangu, mzee Vojislav, anasifika mkoa wetu mzima wa Srem kwa kujua kukadiria chumvi. Siku ya kuchinja nguruwe hakuna soseji inayojazwa kabla hajaonja ile nyama mbichi iliyosagwa, kisha humwonjesha kwa ncha ya kisu yule anayempendelea. Mwaka huu alikuwa mume wangu, Nebojša.

Nguruwe wetu alipimwa na daktari wa mifugo. Ila mzee akachanganya na nyama ya nguruwe mwitu aliyempiga risasi mwenyewe, na huyo hakupimwa.

"Huyu kakulia msituni, msafi kuliko padri," alisema, nasi tukacheka.

Haukupita muda, baba na mwana wakawa wanapokezana choo. Mzee akailaumu kabichi yangu ya siki, nikanywea. Wiki iliyofuata macho ya Nebojša yakavimba, na misuli ikamuuma hata kijiko kikamshinda. Hospitalini wakatuambia ni minyoo ya kwenye nyama, na kwamba moshi hauiui. Kila aliyekula aje upesi.

Jamani, zile soseji za kukaushwa kwa moshi huliwa hivyo hivyo bila kupikwa, na tulikuwa tumeshazigawa mtaa mzima pamoja na kabichi, kama ilivyo desturi. Aliyenitia hofu zaidi ni jirani yetu Dunja, mjamzito.

"Baba, twende tukawaambie."

"Wewe kaa na mumeo. Soseji nimetengeneza mimi, na kusema nitasema mimi."

Asubuhi akavaa kofia akatoka. Nilimheshimu mzee yule kuliko siku zote nilizokaa kwake.

Mchana nikamfuata Dunja ili nimpeleke hospitali. Nilimkuta anatoka chooni, kajishika tumbo, uso umemparara.

"Shoga, kabichi yako itatuua."

"Kabichi? Kwani baba hakupita hapa?"

"Kapita asubuhi. Nikamwambia naharisha tangu juzi, nikamuuliza isije ikawa nyama. Akasema nyama haina neno, ni kabichi ya mkwewe, kila mtu analalamika."

Nikageuka kuitazama nyumba ya mzee kwa hasira. Dunja akadhani nimeumia kwa ajili ya kabichi, akanishika bega.

"Usijali, nimeshaimwaga. Na mzee wa watu kanionea huruma, kaniongezea soseji. Nimetoka kuila sasa hivi."