Ukurasa Alioula Malsuk

Kamusi ya Kiingereza ilikuwa moja na wasichana walikuwa wawili, na hapo ndipo shetani alipopata pa kukalia.

Bonde lote lile lilijua kamusi inavyosomwa. Unauhifadhi ukurasa, maneno na maana zake, ukishajiridhisha unauchana na kuula, usije ukatoka kichwani. Kijana wa mwenye mashine ya kukoboa mpunga aliila kamusi yake yote akabakiza jalada, na chuo kikuu cha Seoul kikampokea. Walimu waliikataza tabia hiyo kwa mdomo tu, maana wao wenyewe walikuwa wameshakula za kwao. Karatasi ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, na ukiichovya kwenye sosi ya soya haikuwa mbaya kuliko mapishi ya mama yake Malsuk, mmoja wa wasichana hao.

Ila kwa kuwa walikuwa wawili, kulikuwa na sharti: ukurasa hauliwi mpaka wote wameuhifadhi. Kisha wanaupasua katikati, kila mmoja anakula nusu yake.

Huyo mwingine ni Okbun, binti wa baba mkubwa wa Malsuk. Vita vilimchukulia baba na mama, akalelewa nyumba hiyo hiyo, akala chungu hicho hicho. Alimzidi Malsuk miezi michache, kwa hiyo Malsuk alimwita Dada, siku nyingine kwa heshima na siku nyingine kwa kubana meno.

Wakati wa kuvuna mpunga, baba yake Malsuk aliwaita wote wawili akawaambia uwezo wake ni wa kumpeleka mmoja tu sekondari ya wasichana kule Daegu. "Atakayemshinda mwenzake kwenye mtihani ndiye atakayekwenda. Atakayebaki atapanda mpunga na kumsubiri mshenga."

Malsuk hakulala vizuri tangu hapo. Baba ni wake, ng'ombe wa kuuzwa kwa ajili ya karo ni wa baba yake, halafu ashindane na mgeni! Na Okbun alikuwa na kichwa chepesi, neno akilisoma mara moja limeingia.

Basi siku moja mchana, Okbun akiwa amepeleka chakula cha wavunaji shambani, Malsuk alifungua ukurasa wa siku hiyo. Katikati palikuwa na neno lenye maana ya kumpita mwenzio, kumwacha nyuma, kulifanya analolifanya yeye na kuongeza. Neno lenyewe silitaji, na ukimaliza kusoma utanishukuru. Malsuk alilitamka, akalipenda. Akauchana ukurasa, akaenda kujificha nyuma ya mitungi ya soya, akaula wote. Nusu yake na nusu ya Okbun, mkavu, bila hata sosi. Ulishuka wenyewe kooni kwa haraka, kama kitu kilichokuwa kimesubiri mlangoni muda mrefu.

Jioni Okbun akauliza, "Ukurasa wa leo uko wapi?"

"Upepo umeuchukua."

"Upepo gani huo, humu ndani?"

Okbun alimtazama mdomo. Kulikuwa na wino kidogo pembeni.

Asubuhi Okbun alipiga chafya. Malsuk akapiga mbili. Okbun akala bakuli la wali, Malsuk akala bakuli na robo, wala hakuwa na njaa.

"Na chafya nayo mnashindania?" Bibi akacheka, akidhani ni utani wa watoto.

Shuleni ikawa raha. Okbun alipopata sabini, Malsuk alipata sabini na moja. Okbun akipata tisini, Malsuk tisini na moja. Mwalimu alidhani anaibia, akamkalisha peke yake ameutazama ukuta. Alama ikaongezeka vile vile. Maswali mengine Malsuk hakuyaelewa kabisa, mkono wake ndio uliojibu huku yeye akiuangalia. Baba akaanza kuimba akimlisha yule ng'ombe wa karo.

Kisha Okbun, akikata nyasi mlimani, mundu ukamkwaruza kidole. Wakati ule ule Malsuk alikuwa nyumbani anapaka kabichi pilipili ya kimchi, ile kachumbari yao ya kuchachusha, hana kisu, hana chochote, akakiona kidole chake kinafunguka chenyewe polepole, mpaka mfupa ukachungulia. Na pilipili ikaingia humo. Kelele alizopiga zilimfanya jogoo wa jirani awike mchana.

Bibi alimfunga kitambaa. Kule mabibi huwaita wajukuu vijibwa kwa mapenzi, na Bibi huyu hakuwa tofauti. "Kijibwa changu," akasema, "umekula nini?"

Malsuk akaeleza.

"Pamoja na nusu ya mwenzio?"

"Ndiyo, Bibi."

Bibi akamnywesha maji ya chumvi mpaka akatapika. Ukatoka wali, ikatoka kabichi. Herufi haikutoka hata moja.

"Basi ukurasa umeshakuwa nyama yako," Bibi akasema.

"Bibi, na Dada Okbun akifa?"

Bibi aliendelea kukaza fundo ambalo lilikuwa limekazwa tayari. "Mwombe msamaha."

"Nikimwomba si atajua?"

"Ewe mtoto! Kwani unadhani hajui?"

Kesho yake asubuhi walikuwa kisimani, kila mtu na beseni lake. Okbun akainama, akazamisha uso majini. Magoti ya Malsuk yakapinda, na uso wake ukaingia kwenye beseni lake kabla hajavuta pumzi. Alijaribu kuinuka, shingo ikakataa. Masikio yakiwa majini alimsikia Okbun akiinua kichwa, akihema, akijifuta bila haraka. Yeye alibaki humo humo. Kila kilichokuwa ndani ya kifua chake kilitaka kutoka, na mikono ilikuwa imekamata beseni kama ya mtu mwingine. Alipoachiwa hatimaye, akikohoa, midomo ya bluu, Okbun alikuwa amechuchumaa mbele yake, anamwangalia kama mtu aangaliavyo kuku kabla ya kumnunua.

"Dada, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Mimi nimenawa uso tu." Okbun akampa taulo. "Jifute, utapata baridi." Akafikiri kidogo. "Au tuseme, mimi nisipate."

Malsuk alijifariji kwamba mtihani uko karibu. Alama moja juu ya Okbun ingemtosha. Dada ajikaze tu, kadiri atakavyojikaza ndivyo Malsuk atakavyopanda.

Siku ya mtihani ilikuwa na theluji. Akina mama walisimama nje wakibandika peremende za kunata kwenye geti, ili watoto wao nao wanate kwenye sekondari waliyoiomba. Mama yake Malsuk alibandika moja kubwa kama kiganja, akaipiga na kiatu. Ndani, karatasi ziligawiwa. Malsuk akashika penseli akamsubiri Okbun aanze.

Okbun hakugusa penseli. Alikunja mikono mezani, akapiga mwayo, akamgeukia Malsuk na kumtabasamia vizuri kabisa, kidada. Kisha akalaza kichwa na kufumba macho.

Malsuk aliwahi kuwaza neno moja tu, "Mwizi!", na paji la uso likagonga meza.

Okbun alisinzia muda wa wali kuchemka. Akaamka, akajinyoosha, akachukua penseli na kuandika mpaka kengele. Malsuk hakuamka, kwa sababu hakuwa bado amemzidi kulala vya kutosha. Alilala kengele ikilia. Alilala mgongoni kwa baba yake, barabara nzima ya kurudi. Majina ya waliofaulu yalibandikwa akiwa amelala, na mama yake alikuwa akimlowesha midomo kwa maji ya mchele na kulia. Daktari alisema ni uchovu wa masomo, akawapongeza wazazi.

Alipofumbua macho theluji ilikuwa inayeyuka, na Okbun alikuwa amesimama mlangoni na sare mpya, kola nyeupe.

Walimsindikiza wote mpaka kituo cha basi. Malsuk alimshika mkono akawa hataki kuuachia. "Dada, jitunze. Barabarani uangalie huku na huku. Usile vitu vya ovyo. Ukiumwa, uende hospitali siku hiyo hiyo."

"Nitajitunza," Okbun akasema. "Nikikumbuka."

Hata Bibi, ambaye utani ulikuwa kazi yake, hakuweza kujua kama ule ulikuwa utani.

Basi likaondoka. Okbun alitoa mkono dirishani akapunga, na Malsuk akapunga. Basi likakata kona, vumbi likatulia, watu wakaanza kutawanyika. Mkono wa Malsuk ulikuwa bado juu, unakwenda kushoto na kulia. Aliushika kwa mkono wa pili akauvuta chini, ukaupandisha na huo wa pili.

"Inatosha sasa," mama yake akanong'ona. "Watu wanatuangalia."

"Mwache," Bibi akasema, akiitazama ile kona. "Huenda mwenzake bado anapunga."