Chura Amefika Kasansa

Siku Eufrazia alipomwacha mume wake, mvua ilikuwa inanyesha ndani ya nyumba kuliko nje. Mimi ni jirani yao hapa Misunkumilo, Mpanda, nilisikia kila neno bila hata kutega sikio.

"Damiano! Nyumba inavuja, gari imevaa turubai! Basi kalale nayo!"

Na kweli gari ilikuwa imevaa turubai. Ilikuwa gari ya mashindano, nyekundu, viti viwili, haina paa, imelala chini mpaka kuku anaichungulia kwa juu. Mzungu mmoja wa mgodi wa madini ya risasi alimwachia Damiano, aliyekuwa fundi wake, mgodi ulipofungwa. Tangu hapo ikakaa juu ya magogo, na watu wa Mpanda wakaiita Chura. Mchana Damiano anatengeneza malori ya watu, jioni anamtengeneza Chura. Yeye na Eufrazia hawakujaliwa mtoto, na Mpanda hawana dogo: walisema Damiano kazaa na chuma.

Zamani Eufrazia mwenyewe alikuwa anamsaidia. Bolti ikianza kuzunguka pamoja na nati yake, lazima mtu wa pili ashike upande wa chini. Alikuwa anashika yeye, kanga kiunoni, spana mkononi, anamwambia mumewe, "Kaza bwana, unabembeleza nini?" Alivumilia mengi. Turubai ndiyo ilimshinda.

Akafunga nguo zake, akapanda lori la mpunga kwenda kwao Kasansa. Lakini sufuria aliiacha.

Hapo nieleze kidogo. Kwenye ukoo wa Eufrazia, mwanamke akienda kwao kwa hasira anaacha kitu kimoja cha jikoni. Kikiwepo pale jikoni, bado ni mke wa nyumba ile, hata misimu ipite. Mume akikibeba akakirudisha kwa wakwe, basi, amemwacha, na hakuna haja ya maneno. Eufrazia aliacha sufuria ya shaba ya bibi yake, ambayo bibi huyo alipewa na masista wa misheni siku ya harusi yake. Kwenye kitako bibi alikuwa ameigongea msalaba kwa msumari, nukta nukta, isije ikaibiwa. Damiano alilijua jambo hilo vizuri. Mwenyewe aliniambia, "Manyanda, sufuria ipo. Sina wasiwasi."

Baada ya wiki kadhaa akaenda Kasansa kuomba msamaha. Baba mkwe, mzee Bartolomeo, ni mtu wa maneno. Alimkaribisha, akampa kiti, akasema mbele ya ukoo mzima, "Mimi sina ugomvi na wewe, mwanangu. Siku huyo Chura wako atakapotembea mpaka uwanja huu, utamchukua mkeo."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Damiano hakucheka. Akaaga, akarudi Mpanda na lori la jioni ile ile, akavua turubai.

Basi tangu siku hiyo nikawa naishi jirani na nyundo. Breki zikapona. Injini ikawaka, moshi ukatoka kama wa kuchoma matofali. Kilichobaki kilikuwa rejeta, ile ya kupoza maji ya injini. Ya kwake ilikuwa imeoza yote, na ya lori haiingii, maana pua ya Chura ni fupi. Mwaka ule wa sabini na sita, vipuri hata vya lori vilikuwa vya kuota tu, sembuse vya gari ya mashindano. Mwisho jamaa yake mmoja wa reli akamletea rejeta ya gari ndogo kutoka Tabora, ndani ya gunia. Mbavu zake nzima, lakini tangi la juu, pale maji yanapoingilia, lilikuwa limeliwa na kutu, unapitisha ngumi. Damiano alijaribu kuziba kwa bati la debe. Likavuja. Akajaribu tena. Likavuja kuliko nyumba yake.

"Inataka shaba," akasema. "Shaba inashikana na risasi ya kuchomelea. Bati linanidanganya."

"Sasa shaba utaitoa wapi? Kengele ya kanisa?"

Kesho yake naingia kuomba moto wa sigara, namkuta amekaa chini, jiko la mkaa linawaka, mkasi wa bati mkononi. Jikoni, pale mahali pa sufuria, pamebaki duara jeusi.

"Damiano! Umeikata?"

"Nimeikata vizuri. Tazama, imekaa kama ilizaliwa hapo."

"Ile si ndiyo sufuria ya…"

"Manyanda, mke wangu anarudi. Akirudi ana haja gani ya alama kwamba atarudi? Nitamnunulia mpya." Akaigeuza nione. Msalaba wa nukta ulikuwa juu kabisa ya tangi, unang'aa. "Nimeuacha makusudi. Utulinde njiani."

Nilimwambia, "Nyie mafundi mnaona shaba tu." Akacheka. Mara ya kwanza kumwona anacheka tangu mvua zile.

Tuliondoka alfajiri. Viti viwili, mimi kimoja. Nikamuuliza, "Kurudi mimi nitakaa wapi?"

"Wewe utabaki ule wali mpya, urudi na lori."

Alinipakatisha debe la maji, Chura akichemsha tuongeze. Tukapita Sitalike, tukaingia porini. Gari isiyo na paa kwenye pori la mbung'o ni nyama kwenye sahani. Walitula shingo, wakatula masikio, na Damiano anaimba. Hakusikia kuumwa huyo, alikuwa hayupo mwilini. Kila nikiinuka kuchungulia moshi, hakuna moshi. Nilifika Kasansa na debe langu limejaa vilevile, mapaja yamekufa ganzi.

Watu walikuwa wanapepeta mpunga. Tulipoingia uwanjani, nyungo zote zikasimama. Eufrazia alikuwa katikati yao. Alimwangalia Chura, akamwangalia mume wake aliyevimba uso kwa mbung'o, akaweka ungo chini. Akaingia ndani, nikadhani amekataa.

Akatoka na furushi la nguo na kikapu cha mchele. Vyote hivyo vilishafungwa zamani, havikufungwa siku ile. Akaja upande wangu.

"Shemeji Manyanda, hicho kiti changu."

"Nilikuwa nakipasha moto tu, shemeji."

Akaweka furushi kitini. Wanawake wakapiga vigelegele. Damiano akawa anafuta macho na mkono wenye grisi, uso ukawa wa mkaa. Mzee Bartolomeo akaja taratibu na fimbo yake, akazunguka gari, akaipiga tairi.

"Kweli Chura amefika. Na hachemshi?"

"Hachemshi, Baba! Njoo uone!"

Akafungua boneti.

Nilitaka kumshika mkono. Nilichelewa kwa sababu nilikuwa bado na debe. Mzee akainama, akasifu. Eufrazia naye akaja kuchungulia, kama zamani, karibu na bega la mumewe. Nikamwona anaacha kutabasamu. Akanyoosha kidole, akafuata zile nukta, ya kwanza mpaka ya mwisho, na shaba ilikuwa bado ya moto lakini hakutoa kidole.

"Hii ni sufuria ya bibi."

"Ilikuwa," Damiano akasema. "Sasa hivi ni rejeta."

Vigelegele vikakatika. Mzee akanyooka.

"Umeirudisha wewe mwenyewe? Kwa mikono yako?"

"Sikurudisha sufuria, Baba. Nimemleta Chura, kama ulivyosema."

"Ukichinja mbuzi ukaniletea nyama, utasema hujaniletea mbuzi?"

Nikaingilia. "Mzee wangu, hawa wamefunga ndoa kanisani. Padri hajui habari za sufuria."

"Kanisani bado ni mkewe. Hapa uwanjani amerudishwa, na ukoo wote umeona." Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyechoka ghafla. "Damiano, mimi siku ile nilikutania. Ulikuja umenuna, nikataka ucheke. Ungecheka, ungelala hapa, asubuhi ungeondoka na mkeo. Mama yake alishamfungia na mchele wa njiani."

Damiano akaanza kufuta mikono kwenye suruali.

"Shemeji, sema wewe," nikamwambia Eufrazia. "Wewe ndiye mwenye sufuria."

Eufrazia alikuwa anamtazama mume wake.

"Nyumba bado inavuja?"

Damiano akaitazama gari, kama vile ndiyo ingejibu.

"Nilitaka nimalize hii kwanza," akasema.

"Misimu miwili, Damiano. Wananiuliza hapa, wewe umeachika? Nasema hapana, sufuria yangu ipo. Wananicheka, nasema ipo." Akachukua furushi kitini, akachukua na kikapu. "Kumbe haipo."

Na kilichorudishwa hakitoki tena, ndivyo desturi yao. Mzee alilisema hilo akiangalia chini. Sufuria itabaki kwao. Gari haikuzuiwa, ingeweza kwenda popote, ila iende bila tangi.

Damiano akatoa spana zake chini ya kiti. Nikajitolea kumsaidia, akanisukuma. Bolti tatu zikatoka bila shida. Ya nne ikaanza kuzunguka pamoja na nati yake, inazunguka, inazunguka, naye amelala kifudifudi juu ya pua ya gari, mkono mmoja haufiki chini. Watu wanatazama. Hakuna aliyecheka.

Eufrazia akarudi. Akaweka furushi chini, akakaza kanga kiunoni, akaokota spana ya pili, akaingiza mkono kwa chini akashika. Wakafungua pamoja. Safari hii hakumwambia chochote. Nati ikaanguka mchangani, maji ya moto yakamwagika, kuku wakaja mbio kuyanywa wakaruka. Damiano akaibeba rejeta mpaka barazani, akailaza mlangoni kwa upole, msalaba juu.

Tukatembea mpaka barabarani kungoja lori. Chura tukamwacha uwanjani, mdomo wazi. Tulikaa muda mrefu. Mwisho Damiano akaanza.

"Spana moja imebaki kwake."

"Nikaichukue?"

"Hapana! Iache." Akanigeukia, na kwenye uso ule uliovimba macho yakawa madogo, yanang'aa. "Manyanda, ameondoka nayo ndani. Nimemwona. Ameingia nayo. Si kitu changu kile? Kimo ndani ya nyumba yake."

Nikamwangalia. Nikasema, "Ndiyo. Kimo."

Akanyoosha miguu, akaanza kuongea. Kwanza paa. Ataezeka kwa bati, si nyasi. Atauza zana, ataomba mbao kwa jamaa wa reli. Akawa anapima kwa fimbo mchangani vyumba viwili, jiko, na pale sufuria itakapokaa. Lori likatokea mbali, vumbi kwanza. Nikasimama kulipungia.

Nyuma yetu mtu akakohoa. Mzee Bartolomeo alikuwa amekuja kwa miguu jua lile lote, anahema, fimbo mkono mmoja. Mkono wa pili ile spana, imezungushiwa kipande cha kanga, imefutwa grisi, safi.

"Mwanangu," akasema, hakumtazama. "Amesema umesahau hii."