Shangazi Ndani ya Chumba cha Daktari

Tabea alikuwa na genge la chai Makambako, pale malori ya Zambia yanapopumzika, na kilichomtia aibu hakikuwa kifafa. Kifafa madereva walishakizoea: akianguka wanamlaza ubavu, wanasubiri, akizinduka wanadai chai yao. Aibu ilikuwa dawa. Vidonge alivyomeza tangu utotoni vilimfanya asinzie mbele ya kikaango, na kuanguka hakukukoma.

Mwisho shangazi yake Esnath, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kengele, akampeleka kwa daktari Njombe. Akaingia naye hadi ndani, akakalia kiti cha mgonjwa.

Daktari Odilo alimsikiliza Tabea, akachukua kalamu. "Ipo dawa kali kwa kifafa cha aina yako. Ubaya wake, ukishika mimba inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Una mpango wa kuzaa?"

"Huyu?" shangazi akadakia. "Hata mwanamume hamjui! Andika tu, daktari."

Kalamu ikagusa karatasi. Tabea akamfikiria Nahumu, fundi pancha, na jinsi walivyozitumia ibada ndefu za shangazi. Siri ile alikuwa tayari kuzikwa nayo. Lakini mtoto naye alipie heshima ya shangazi?

"Ngoja, daktari. Mwanamume namjua."

"Unamjua jina," shangazi akasema.

"Namjua kote, shangazi."

Shangazi akamwita Yesu, kisha marehemu mumewe, ambaye hata alipokuwa hai hakuwahi kuitika. Daktari akabana kicheko.

"Uzazi wa mpango mnatumia?"

"Tunatumia bahati."

Akapimwa mimba, hakuwa nayo. Daktari akaandika dawa nyingine. "Hii tutaipandisha polepole, huku ya zamani tukiipunguza. Usiiache ghafla. Ukiona vipele mwilini, kimbia uje."

Walipofika stendi, shangazi akamgeukia.

"Fundi gani?" akauliza, ingawa hakuna aliyetaja fundi.

Tabea akapigwa na butwaa. "Ulijua?"

"Mwanangu, nguo zako zinanuka grisi. Nilikuwa nakulindia jina tu."

Vipele havikutokea. Usingizi ulimwachia taratibu, na msimu ule mzima wa mvua alianguka mara moja tu. Nahumu hakupata nafuu ya namna hiyo: shangazi alimkokota kwa mchungaji akiwa bado na ovaroli, amemshika kama mwizi wa kuku.