Alama Sitini na Nne za Wifi

Maswali ya mwalimu wa dozi, somo la kukokotoa vipimo vya dawa, yalikuja kwenye karatasi za mistari, mwandiko umelalia upande mmoja, na katika kila swali jibu sahihi lilikuwa c. Fundi alilishtukia hilo alipofika katikati. Akarudi mwanzo kuhakikisha, akaenda hadi mwisho. C tupu. Akazikusanya karatasi, akamfuata mwalimu kwenye chumba cha walimu.

"Mwalimu, samahani. Majibu yako yote yamekaa c."

"Yote?" Mwalimu akavaa miwani, akapekua, akacheka hadi mabega yakatikisika. "Mkono umezoea, mwanangu. Mimi nasahihisha kwa karatasi niliyoitoboa matundu. Naiweka juu ya kazi ya mwanafunzi, matundu yamejipanga wima kama vifungo vya shati. Namaliza darasa zima chai haijapoa."

"Na wanafunzi hawajawahi kugundua?"

"Wangegundua si wangefaulu?"

Fundi, hivyo ndivyo alivyoitwa na kila mtu pale chuo cha wauguzi wasaidizi, kuanzia mlinzi hadi mkuu, alirudi kwenye chumba chake. Kilikuwa stoo ya mashine ya fotokopi, na bado kilinuka wino. Akaweka tiki kwenye kisanduku cha kuchanganya majibu, ili kila mwanafunzi ayaone kwa mpangilio wake. Kuingiza mtihani kwenye mfumo wa kompyuta ni kazi ya visanduku: mtihani ufunguke lini, mtu apewe nafasi ngapi, alama ya kufaulu ni ipi, majibu sahihi yaonekane saa ngapi. Ukikosea kimoja, umelikosea darasa zima.

Chini ya kila jibu lisilo sahihi palikuwa na nafasi tupu ya maelezo. Hakuna aliyemwagiza aijaze, aliijaza mwenyewe. Kompyuta alijifunza masomo ya jioni, mtoto akiwa tumboni, kisha mgongoni, na kilichokuwa kikimuumiza siku zile hakikuwa kukosa. Ilikuwa ile alama nyekundu ya kukosa, inayokukodolea macho bila kukwambia neno. Kwa hiyo alimsumbua mwalimu mchana kutwa: mtu akichagua hili, atakuwa amekosea wapi? Kisha akaandika. *Umegawanya mahali pa kuzidisha, angalia tena uzito wa mgonjwa. Umekaribia, usikate tamaa. Umesahau tu kubadili gramu kuwa miligramu.*

"Unawadekeza," mwalimu alisema.

"Wakosee huku kwangu, mwalimu, wasije wakakosea wodini."

"Haya, mama huruma."

Kati ya watakaoyasoma maelezo hayo alikuwamo wifi yake, dada wa mumewe, aliyekaa nao nyumba moja. Wifi alikuwa akifua mashuka hospitalini, na hospitali ilimwahidi kumhamishia wodini akipata cheti. Masomo mengine yote alishayamaliza. Dozi ndiyo iliyomganda. Alishairudia, na kwa sheria za chuo nafasi hii ilikuwa ya mwisho: akianguka, jina linafutwa.

Jioni hiyo wifi alikuwa ameketi sakafuni na madaftari yake, mtoto wa Fundi akimpanda mgongoni kama ngazi. Fundi alipofungua kompyuta tu, wifi akambeba mtoto akasimama.

"Unakwenda wapi?"

"Nje. Hicho kidude chako kikifunguliwa sitaki kuwa karibu nacho."

"Kwani nimesema nakuonyesha?"

"Hujasema. Lakini nakujua, wifi, una moyo wa pamba. Nikikohoa tu utaniachia jibu."

Mama mkwe akadakia kutoka jikoni, "Mwache aende akaumwe na mbu! Huyo akifaulu hata maji ya kunywa atatupimia kwa sindano!"

"Mama nawe! Nikifaulu wewe ndiye mgonjwa wangu wa kwanza, na nitakuchoma kweli."

Wakacheka. Lakini mlangoni wifi aligeuka, na uso wake haukuwa wa utani. "Nataka nikifaulu nijue ni mimi."

Siku moja kabla ya mtihani, mkuu wa idara aliingia stoo, tai imenyooka. Wageni kutoka wizarani walikuwa wanakuja kuuona mfumo ukifanya kazi.

"Fundi, nataka mwanafunzi akimaliza, alama itokee hapo hapo. Na majibu sahihi, na yale maelezo yako mazuri. Wageni wakipita nyuma yao waone kijani, sio maneno matupu."

"Alama sawa, mkuu. Majibu tungesubiri kundi la mwisho litoke. Kompyuta ni chache, wanaingia kwa zamu. La kwanza likitoka na majibu…"

"Simu wataziacha mlangoni."

"Simu wataziacha. Vichwa wanatoka navyo."

Mkuu alitabasamu kwa mdomo tu. "Wewe weka. Likitokea la kutokea nitawajibika mimi." Akashika kitasa, kisha kana kwamba amekumbuka jambo dogo: "Jina lako liko mezani kwangu, la ajira ya kudumu. Nisingependa kusikia kwamba Fundi ni mbishi."

Mkataba wake ulikuwa ukiongezwa mwezi kwa mwezi kama kifurushi cha simu. Fundi alimfikiria mwanawe. Akaweka tiki.

Wenye nafasi ya mwisho ndio waliotangulia kuingia. Fundi alisimama pembeni akiutazama mgongo wa wifi, ulioinama, vidole vikihesabu kwenye goti. Alama ya kufaulu ilikuwa sitini. Muda ulipokwisha, kwenye kioo cha kompyuta ya wifi ikatokea sitini na nne, ya kijani. Hakupiga kelele. Alikaa akisoma maelezo ya kila alilokosa, midomo ikicheza, na alipopita mlangoni akanong'ona, "Nani kaandika 'umekaribia, usikate tamaa'? Nusura nilie mbele za watu."

"Mfumo."

"Mfumo gani una huruma hivyo, wifi?"

Kundi la pili likaanza kupata tisini. La tatu likapata mia, mia, mia, wengine wamemaliza kabla viti havijapata joto. Wageni walisimama nyuma yao wakapiga makofi. "Vijana wenu ni moto," mmoja alisema, na mkuu akasugua viganja. Mwalimu wa dozi hakupiga makofi. Alisogea karibu na Fundi, akasema kwa sauti ya chini:

"Mimi mwenyewe sipati mia kwenye maswali yangu."

Wageni walipoondoka siri haikukaa. Nje ya uzio majibu yalikuwa yakipita kutoka simu hadi simu kama picha za harusi. Bodi ya mitihani ikaitishwa, na asubuhi ya kikao cha pili mkuu wa idara alikuja tena stoo. Mara hii alifunga mlango.

"Wanataka kufuta kila kitu, Fundi. Pamoja na kundi la kwanza. Najua wifi yako yumo."

Fundi aligeuza kiti kumtazama.

"Lakini ikionekana ni kosa la kiufundi tu, mtu kaghafilika na tiki moja, kundi la kwanza litaachwa. Hilo nitalisimamia mimi. Ikionekana ni agizo la ofisi, hiyo ni kashfa, na kashfa inafagia wote."

"Ulisema utawajibika wewe."

"Si ndiyo nawajibika? Ndiyo maana nimekuja kukuonyesha njia."

Chumba cha bodi kilikuwa na meza ndefu na chupa za maji zilizopangwa kwa rula. Mwenyekiti alikuwa metroni wa hospitali, mama mnene mwenye sauti ya taratibu. Mwalimu wa dozi alikaa upande mmoja, mkuu wa idara upande wa pili. Fundi hakuketi.

"Tiki ile niliiweka mimi," alisema. "Nilighafilika."

Mwalimu wa dozi alimtazama kama mtu anayesikia jibu la swali ambalo halikuulizwa.

"Kughafilika kupo, binti yangu," metroni akasema. "Na usihangaike sana. Tangu jana tulishakubaliana kwamba kundi la kwanza lilifanya kabla majibu hayajatoka, alama zao zinabaki. Mwalimu wako ndiye aliyesimama kidete. Watakaorudia mtihani ni waliofuata tu."

Tangu jana. Fundi alimtazama mkuu. Mkuu alikuwa akifungua chupa ya maji.

"La mwisho, kisha tufunge," metroni aliendelea. "Una ndugu yeyote kati ya waliofanya?"

"Wifi yangu."

"Kundi gani?"

"La kwanza."

Kalamu zikasimama. Mkuu wa idara aliishusha chupa polepole. "Jamani," alisema kwa uchungu wa kupendeza. "Hilo mimi sikulijua."

Ndipo Fundi alipolitapika lote: agizo la mkuu, wageni, kijani, ajira ya mezani, mlango wa stoo uliofungwa asubuhi ile. Alisema kwa pumzi moja. Metroni alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sasa hivi tu umetwambia ulighafilika."

"Nilisema vile kwa sababu…"

"Kwa sababu ya wifi yako?"

"Ndiyo," Fundi alisema.

"Mama mwenyekiti," mwalimu wa dozi akaingilia, "yule dada kapata sitini na nne. Mtu akionyeshwa mtihani hupata sitini na nne?"

"Mjanja hajijazii mia, mwalimu," mkuu alisema, na mmoja wa wajumbe akatikisa kichwa kukubali, kama aliyesikia busara.

Uamuzi haukuchukua muda. Kundi la kwanza lilibaki na alama zake, isipokuwa mtu mmoja. Huyo, kwa kuwa nafasi yake ilikuwa ya mwisho, hakuwa na marudio. Fundi alipewa onyo. Kufukuzwa hakufukuzwa: mtihani wa marudio ulikuwa karibu, na chuo kizima hakuna mwingine aliyeujua mfumo.

Kwa hiyo alikuwa yeye. Alirudi stoo, akafungua orodha ya wanafunzi wa somo la dozi, akashuka hadi kwenye jina ambalo nyumbani halikuitwa kamwe kwa urefu wake. Mfumo ukamuuliza kama ana uhakika. Alikaa akilitazama swali. Mkuu alipita dirishani, akachungulia, akaenda zake. Fundi akabonyeza ndiyo. Kisha akaanza kufuta yale maelezo chini ya majibu, moja baada ya jingine, kwani hilo nalo lilikuwa agizo: marudio yasiwe na maneno.

Alipofika nyumbani, wifi alikuwa kibarazani akikunja nguo za mtoto. Habari zilishamtangulia, wanafunzi wenzake walikuwa wamempigia. Mama mkwe alikuwa kizingitini, mikono kiunoni, hajui asimamie upande gani.

"Nani kalitoa jina langu?" wifi aliuliza bila kuinua macho.

"Mimi."

"Kwa mkono wako."

"Kwa mkono wangu, wifi. Wengine hawaujui mfumo." Akasikia jinsi neno hilo lilivyosikika. Kisha akajaribu tena. "Aliniambia wanafuta wote. Nikaona kosa nikilibeba mimi, wewe utabaki."

"Alitaka kukuokoa, mwanangu," mama mkwe alisema.

"Kuniokoa na nini, mama? Nilikuwa nimeshafaulu." Wifi akakunja kaptula ndogo, akaipiga pasi kwa kiganja. "Zile sitini na nne zilikuwa zangu. Nilizihesabu kwa vidole vyangu. Wewe ukaenda kuniombea kitu changu mwenyewe, na kwa uongo. Ungesema kweli tangu mwanzo ningekuwa wodini. Ungenyamaza tu, ningekuwa wodini."

"Najua."

"Sasa huko kufulia wanasema nilipewa majibu chumbani. Mimi! Niliyekuwa nakaa nje na mbu!"

Fundi aliketi kwenye ngazi, chini yake kidogo. Machozi yalikuja, akayaacha yapite. "Nitarudi kwa yule metroni. Mwalimu atanisindikiza, ameniambia. Hata kama haitarudisha alama, angalau wajue. Na wewe utaanza upya, wifi, unaweza, nimekuona ulivyozifanya zile hesabu. Nitakuwa nakusaidia masomo jioni, tutakaa wote…"

"Hapana."

Mtoto alitoka ndani akiyumba kwa usingizi, akapita mbele ya mama yake, akainua mikono kwa shangazi yake kama kila siku. Wifi akamwinua. Alimlaza begani, akamfuta pua kwa upindo wa kanga, na mkono wake ulikuwa mpole vilevile, kwa kuwa mtoto hakuwamo katika hayo.

"Kuanza nitaanza," alisema. "Kuanzia mwanzo kabisa, na watoto waliotoka shule juzi. Ila sitakwambia ni chuo gani. Wala usiniulize, wala usimtume kaka aniulize."

"Hata ukifaulu?"

"Nikifaulu utasikia kwa watu."

"Basi nitasikia kwa watu," Fundi alisema. "Na nitafurahi."

Wifi alimhamishia mtoto bega la pili, akachukua rundo la nguo zilizokunjwa kwa mkono uliobaki, akaingia ndani, na mama mkwe akampisha njia.