Omena ya Mtihani

Hosteli ya wasichana ilikuwa jengo la ghorofa nne nyuma ya chuo cha upishi, kule mtaa wa Tena jijini Nairobi, na yeyote aliyekuambia kwamba ina maji hakuwahi kulala ndani yake. Maji yalikuja Jumatano, na hata hiyo Jumatano yalikuja yakipenda. Bafu la ghorofa ya pili halikuwa na komeo, kwa hivyo ukiingia kuoga ilibidi uimbe ili anayekuja ajue kuna mtu. Kufikia mwisho wa muhula wa kwanza Kavinya Muthama alikuwa anazijua sauti za wasichana kumi na wawili ambao sura zao hangeweza kuzitambua. Yote hayo aliyazoea. Alichoshindwa kuzoea ni kuishi chumba kimoja na mtu anayepika omena, vile visamaki vikavu vya ziwani.

Mtu huyo alikuwa Winny Anyango. Mamake Winny aliuza omena kando ya barabara, mtaani Huruma, na kila Jumapili jioni Winny alirudi kutoka nyumbani na mkebe uliojaa. Chini ya kitanda, ndani ya sanduku la nguo, alificha koili ya umeme ya kupikia, kitu kilichokatazwa na sheria za hosteli kwa herufi kubwa mlangoni. Aliichomeka kwenye soketi yao moja, akakaanga, akala, akalala usingizi wa pono. Harufu ilibaki macho. Ilipanda juu ya sare nyeupe ya Kavinya iliyoning'inia nyuma ya mlango, na Jumatatu darasani watu walikuwa wakimgeukia yeye.

Kavinya alimwambia mara mbili.

"Zoea tu, Kavi," Winny alijibu akicheka. "Hiyo ndiyo protini ya mahasla, sisi wa mifuko mitupu."

Mara ya tatu hakumwambia Winny. Aliteremka ngazi akamwambia matroni. Ayuma, matroni mwenyewe, alipanda siku hiyo hiyo, akafungua sanduku bila kutafuta kwingine, akaichukua koili, na Winny akaosha ngazi zote nne kwa wiki nzima. Nani alisema? Halikutajwa jina. Kavinya alijitia hamnazo na kujifariji kwamba sheria ni sheria, lakini tangu hapo alilala akiutazama ukuta, na maneno kati yao yakapungua hadi yakabaki ya "funga mlango" na "zima taa."

Ndipo ikaja kura ya mtihani wa jikoni. Huo ndio mtihani uliowakosesha wanafunzi usingizi kuliko yote, kwa sababu aliyeanguka hakwenda mazoezi ya kazi hotelini. Alirudia muhula. Babake Kavinya, dereva wa lori, alikuwa ameshawaambia watu wote wa mji wao wa Wote, Makueni, kwamba binti yake ataingia hoteli mwezi wa tano, na mtu akishasema jambo kule, haliwezi kurudishwa mdomoni.

Madam Mirriam, mwalimu wao, alitikisa vikaratasi ndani ya sufuria. Kila mmoja achote kimoja, apike alichoandikiwa, alete vitu vyake mwenyewe, na kubadilishana marufuku. Winny alipata chapati na maharagwe. Darasa zima lilimwonea wivu. Kavinya alifungua chake akasoma: omena, watu wanne.

Alikisoma tena. Hakuwahi kuila omena hata siku moja. Siku walipofundishwa kuipika, yeye alisimama dirishani na leso puani, na alichokumbuka cha somo lile ni mti wa nje.

Kuuliza si ujinga, tunaambiwa, lakini kuna kuuliza kunakouma. Mtu wa pekee wa kuulizwa alikuwa hatua mbili kutoka kitandani kwake, na ndiye yule yule aliyeosha ngazi wiki nzima kwa sababu ya mdomo wa Kavinya. Kavinya akaamua kutumia akili za nyumbani. Alhamisi jioni alinunua omena sokoni, akaimwaga kwenye beseni, akaitazama. Ngumu, kavu. Kwao, kila kitu kigumu na kikavu kilipitia njia moja. Muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, huwezi kuipika bila kuiloweka usiku kucha. Mbaazi kavu vivyo hivyo. Maharagwe vivyo hivyo. Nyanyake aliloweka hata maneno, alikuwa akisema babake, kabla ya kuyatoa. Basi Kavinya alichota maji yake ya Jumatano, lita tatu za thamani, akayamimina juu ya omena, akafunika na sahani. Winny aliporudi saa mbili kutoka mazoezi ya kwaya, Kavinya alikuwa ameshaugeukia ukuta, amejawa na fahari kidogo ya mtu aliyejitegemea.

Asubuhi alifunua beseni. Omena haikuwepo tena. Kulikuwa na uji wa kijivu wenye macho, na harufu ambayo kando yake zile Jumapili za Winny zilikuwa marashi. Alijaribu kuinua samaki mmoja, akakatika vipande vitatu vidoleni. Saa moja na nusu. Mtihani ulikuwa saa tatu, na soko la Tena halikuwa na mtu wa omena kabla ya saa nne.

Alikaa kitandani, akashika tama, kisha akalia. Hakulia kwa ustaarabu. Alilia kwa sauti, kwa kuwa akilini alimwona babake akiulizwa mbele ya watu.

Winny alikuwa anafunga kamba za viatu. Alifunga cha kushoto, akafunga cha kulia. Halafu akavuta kutoka chini ya kitanda mkebe wa omena, uliokaa tu tangu koili ichukuliwe.

"Chukua," alisema. "Hii mathe wangu alinichagulia mwenyewe, haina mchanga mwingi. Na unyamaze, unanisikiza? Omena hailowekwi."

"Sikujua."

"Najua hukujua. Maji moto, si baridi. Unamwaga juu, unahesabu mpaka mia, unaosha. Mara tatu, mchanga uishe. Unachuja mpaka ikauke kabisa. Mafuta yapate moto kwanza, unakaanga bila kugusagusa. Ukianza kusikia inalia kama majani makavu, toa. Kitunguu, nyanya, rudisha omena, maziwa lala kidogo, yale ya mgando. Usifunike. Sema."

Kavinya alirudia yote huku akipangusa uso. Alikosea mahali pa maziwa, Winny akamrudisha mwanzo. Wakarudia wakivaa sare, wakarudia wakishuka ngazi na wakipitia dukani kwa kitunguu, nyanya na maziwa lala, na mlangoni pa jiko la chuo Winny akaenda kwenye unga wake bila kumtazama tena.

Kavinya alipika kama mtu anayetembea gizani akishika ukuta. Alihesabu mia mara tatu. Alisubiri mafuta. Aliinamisha sikio juu ya karai, na kweli ikaanza kulia, majani makavu kabisa, akaitoa. Kila kitu kilikwenda kama alivyoambiwa hadi mahali ambapo Winny hakuwa amesema neno, kwa sababu hakuna mtu wa Huruma angefikiri kumfundisha mwenzake jambo hilo. Chumvi. Alitia kijiko, akaonja. Vichwa, macho, yote. Mdomo wake ulikuwa na ladha ambayo hakuwa na pa kuilinganisha. Ilikuwa tamu? Ilikuwa mbaya? Alionja tena, akaongeza chumvi kidogo, akabaki hajui.

Madam Mirriam alifika na daftari lake.

"Umeonja?"

"Nimeonja, madam."

"Ikoje?"

Kavinya angeweza kusema ni nzuri. Kila mmoja alisema chake ni kizuri, hata yule aliyeunguza wali. Lakini alikuwa amechoka na uongo wa wiki tatu, tangu siku ya koili.

"Sijui, madam. Sijawahi kula omena. Leo ndiyo mara ya kwanza."

Mtu alicheka nyuma. Madam Mirriam alichota kijiko, akatafuna polepole, akachota kingine.

"Hotelini hutapika unachokipenda," alisema. "Utapika kilichoagizwa." Akaandika. Hamsini na nane. Kupita ilikuwa hamsini.

Chakula cha mtihani huliwa na waliokipika, ndiyo desturi ya chuo. Kavinya alipakua sahani mbili, akamkuta Winny kwenye ngazi za nyuma ya jiko na chapati zake za alama themanini.

"Winny, ile koili," Kavinya alisema. "Ni mimi niliyeenda kwa matroni."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Siku ile ile. Ayuma anaweza kuweka siri kweli?"

Kavinya aliona haya hadi masikioni. "Na bado ukanisaidia."

Winny aliikata chapati, akaikunja, hakuila.

"Jana nikiingia niliona beseni lako," alisema. "Nikafunua. Maji yalikuwa bado safi, ungeyamwaga ukaianika omena, ingekuwa sawa tu. Nikafunika tena nikalala. Nilitaka ufeli, Kavi. Nililala poa hata. Asubuhi ukaanza kulia, nikaona sikutaka hivyo."

Kavinya alitafuta hasira ndani yake, kwa maana alistahili kuwa nayo, akaikosa. Alikuta tu kwamba walikuwa wamefanyiana kitu kimoja, kila mmoja kwa zamu yake. Akala kijiko kingine.

"Chumvi iko sawa?" aliuliza.

"Imezidi," Winny alisema, akasogeza sahani yake aongezewe.